Umeambiwa Ini Lina Mafuta: Vipimo Vinavyofanyika Bila Kuchukua Kinyama

Mara nyingi habari hii huja bila kutafutwa. Umekwenda kupigwa ultrasaundi kwa sababu ya maumivu ya nyonga, uvimbe wa kizazi au mawe kwenye kifuko cha nyongo, na chini ya karatasi ya majibu kuna mstari mmoja wa Kiingereza unaosema ini lina mafuta, daraja la kwanza au la pili. Daktari ana foleni ndefu. Anakwambia punguza mafuta, fanya mazoezi, na wewe unarudi nyumbani ukiwa umeshaanza kuwaza kansa. Wengine hawafiki hata nyumbani, wanapitia kwanza kwa muuza dawa za kusafisha ini.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na karatasi za namna hiyo naletewa mara kwa mara. Swali la kwanza la akina mama huwa ni hili: "Nesi, mafuta yenyewe ni mengi kiasi gani?" Ni swali zuri, lakini kuna lingine zito zaidi ambalo wachache huuliza: je, ini limeanza kupata makovu, au bado? Mafuta yanaweza kupungua, na mara nyingi hupungua. Makovu yakishakuwa mengi, ini husinyaa na kuwa gumu, na huko ndiko hatari ilipo. Vipimo nitakavyoeleza hapa vinajibu maswali hayo mawili, ila si kila kipimo kinajibu yote mawili. Ukijua kipi kinajibu lipi, utajua ulipie nini na usubiri nini.

Mafuta hufikaje kwenye ini?

Ukienda buchani, ini zuri la ng'ombe lina rangi ya damu ya mzee na kingo zake ni nyembamba. Ini lililojaa mafuta hupauka kuelekea rangi ya njano, huvimba, na kingo zake huwa butu. La binadamu ni hivyohivyo. Ini lenye afya lina mafuta kidogo sana, na yakizidi asilimia 5 hivi ndipo wataalamu husema ini lina mafuta.

Mafuta hayo si lazima yatoke kwenye chupa ya mafuta ya kula. Sukari na wanga vikizidi mahitaji ya mwili, ini lenyewe huvigeuza kuwa mafuta na kuyahifadhi. Ndiyo maana mama anaweza kuniambia kwamba haweki mafuta mengi kwenye mboga, na ni kweli, lakini anakunywa soda mbili kwa siku na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Walio kwenye hatari zaidi ni wenye kitambi, kisukari, shinikizo la juu la damu au lehemu nyingi, na wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba. Pombe nayo huleta mafuta kwenye ini, ikiwa ya dukani au ya kienyeji. Mtu mwembamba pia anaweza kuwa nayo.

Na usidhani ni ugonjwa wa walioshiba peke yao. Mtoto mwenye unyafuzi, yule anayevimba miguu na nywele zake kupoteza rangi, ini lake hujaa mafuta pia kwa sababu ya kukosa lishe inayostahili. Yake ni habari nyingine kabisa: tiba yake ni kulishwa kwa utaratibu chini ya wahudumu wa afya, na ini hupona kadiri mtoto anavyopona. Nimelitaja ili mtu asije akamnyima mtoto dhaifu chakula kwa kusikia neno "mafuta".

Jambo moja la majina, maana linachanganya. Hadi mwaka 2023 ugonjwa huu, ule usiotokana na pombe, uliandikwa kwa kifupi NAFLD. Mwaka huo vyama vya wataalamu wa ini vya mataifa mbalimbali vilikubaliana kuuita MASLD, jina linaloutaja pamoja na uzito, sukari na presha. Ukikuta karatasi ya zamani ina jina moja na mpya ina jingine, kwa karibu wagonjwa wote hapajazaliwa ugonjwa wa pili.

Kwa nini tusichukue kinyama tu tukajua moja kwa moja?

Kuchukua kinyama kulitegemewa miaka mingi, na bado kuna kazi yake. Sindano hupitishwa katikati ya mbavu upande wa kulia, inatoa kipande chembamba cha ini, na kipande hicho hukaguliwa kwa hadubini. Tatizo ni kwamba kipande chenyewe ni kama sehemu moja tu kati ya 50,000 ya ini zima, na mafuta na makovu hayasambai sawasawa kila mahali. Tena kuna maumivu, na mara chache damu huvuja ndani. Si kitu cha kumfanyia mtu kila mwaka ili kuona kama kupunguza soda kumesaidia.

Lakini daktari akikwambia kwamba kwako wewe kinyama kinahitajika, usikatae kwa woga peke yake. Muulize anatafuta nini ambacho vipimo vingine havikuonyesha. Mara nyingi ni kwa sababu vipimo viwili vimepingana, au anashuku ugonjwa mwingine wa ini.

Ultrasaundi: inaona nini, na nini haioni

Hiki ndicho kipimo kilicho karibu nawe. Kipo kwenye hospitali za wilaya na vituo vya afya vingi, hakiumi, hakina mionzi, na ni salama kwa mjamzito. Kifaa hutuma sauti ambayo sikio halisikii, sauti hiyo hurudi, na mashine huchora picha. Mafuta hutawanya sauti, kwa hiyo ini lenye mafuta huonekana jeupe zaidi ya figo ya kulia iliyo jirani yake. Mpimaji hulinganisha weupe huo kwa macho yake na kuandika daraja: la kwanza ni mafuta kidogo, la pili ni wastani, la tatu ni mengi.

Zingatia hapo niliposema kwa macho yake. Daraja hilo ni makadirio. Wapimaji wawili wazuri wanaweza kulitazama ini moja, mmoja akaandika la kwanza na mwingine la pili. Mafuta yakiwa machache, yaani yakiwa yameingia kwenye seli pungufu ya asilimia 20 hadi 30, ultrasaundi inaweza isiyaone kabisa. Kwa mtu mnene picha huwa hafifu zaidi. Na kubwa kuliko yote, ultrasaundi ya kawaida haionyeshi makovu ya mwanzo. Itaonyesha ini lililokwisha kusinyaa na kuwa na mabonde, lakini hapo mambo yamekwenda mbali.

Kwa hiyo ukiwa na majibu ya daraja la pili kutoka hospitali moja mwezi Januari, na la kwanza kutoka hospitali nyingine mwezi Juni, usiseme umepona nusu. Wala yakigeuka, usiseme umezidiwa. Ultrasaundi imekwambia jambo moja la maana: mafuta yapo. Kurudia kila miezi mitatu ili kufuatilia daraja ni kupoteza fedha, na hapo naona familia nyingi zikitumia hela ambayo ingelipia kipimo chenye faida zaidi.

Hesabu ya damu ambayo unaweza kuifanya mwenyewe

Vipimo vya damu vya ini vinavyoombwa mara nyingi ni ALT na AST. Ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli, na seli zikiumia huvuja na kuingia kwenye damu. Vikipanda, ini linalalamika. Lakini vikiwa kawaida haina maana kwamba ini ni zima, maana watu wengi wenye mafuta kwenye ini, hata wengine wenye makovu, majibu yao ya ALT huwa ndani ya kiwango. Basi namba moja peke yake haitoshi.

Wataalamu wakaja na hesabu inayounganisha namba nne: umri, AST, ALT na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Inaitwa FIB-4. Ilichapishwa mwaka 2006 ikiwa imetengenezwa kwa watu wenye virusi vya UKIMWI na homa ya ini C kwa pamoja, baadaye ikaonekana inafaa pia kwa ini lenye mafuta. Haipimi mafuta. Inakadiria makovu. Naipenda kwa sababu haihitaji mashine mpya: inahitaji damu ya kawaida ambayo maabara nyingi hupima, na kikokotoo cha simu.

Hufanywa hivi. Chukua umri wako kwa miaka uzidishe kwa AST, jibu uliweke pembeni. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ukizidishe kwa idadi ya chembe sahani (kwenye karatasi ya picha kamili ya damu zimeandikwa PLT, kama maabara imeandika 240,000, tumia 240). Halafu gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Kipeuo cha pili kikikupiga chenga, mwanao wa darasa la saba atakusaidia.

Tuseme mama ana miaka 45, AST yake ni 32, ALT ni 36, na chembe sahani 240. Umri mara AST ni 1,440. Kipeuo cha pili cha 36 ni 6, na 6 mara 240 ni 1,440. Gawanya, unapata 1.0. Chini ya 1.3 uwezekano wa kuwa na makovu makubwa ni mdogo, na mama huyu anaweza kuendelea kuangaliwa kwenye kituo chake cha karibu. Sasa chukua mama mwenye namba zilezile, isipokuwa chembe sahani zake ni 120. Jibu linakuwa 2.0. ALT haijabadilika hata kidogo, lakini yeye yuko katikati, kati ya 1.3 na 2.67, na anahitaji kipimo kinachofuata. Akipita 2.67 anapaswa kuonwa na daktari bingwa bila kuchelewa. Kwa wenye zaidi ya miaka 65 mpaka wa chini huwa 2.0 badala ya 1.3, kwa sababu umri wenyewe hupandisha jibu.

Kuna mitego. Malaria hushusha chembe sahani. Ukipiga hesabu hii kwa damu uliyotolewa ulipokuwa na malaria, utapata namba ya kutisha isiyo ya ini. Subiri upone kwanza, upime tena. Ujauzito nao hushusha chembe sahani kidogo, kwa hiyo hesabu hii si ya mjamzito. Kwa wenye umri chini ya miaka 35 haitegemeki vizuri, na kwa watoto haitumiki.

Kabla hujaondoka maabara, hakikisha umepimwa pia homa ya ini B kama hujawahi kupimwa, pamoja na sukari na lehemu. Homa ya ini B ipo sana katika nchi zetu, inaweza kuishi kwenye ini moja pamoja na mafuta, na matibabu yake ni tofauti. Nimeona watu wakihangaika na kupungua uzito huku virusi havijatafutwa kabisa.

Mashine ya mtikiso

Sokoni huhitaji kukata parachichi ili kujua kama limeiva, unalibonyeza. Kuna mashine inayofanya kazi kwa wazo hilohilo, na inayojulikana zaidi ni FibroScan, iliyotengenezwa Ufaransa. Huku kwetu haiko kila mahali, itafute kwenye hospitali kubwa za rufaa na baadhi ya hospitali binafsi za mijini. Uliza bei na uliza bima yako kabla ya kupanda basi.

Unalala chali, mkono wa kulia unauweka nyuma ya kichwa, unapakwa jeli katikati ya mbavu. Kifaa kinagusa ngozi na kutoa mtikiso mdogo, kama mtu anakudonoa kwa kidole. Hurudiwa angalau mara kumi, na kwa kawaida haifiki robo saa. Mtikiso hupita haraka kwenye ini gumu na polepole kwenye ini laini. Nenda ukiwa hujala kwa saa tatu angalau, maana baada ya kula damu nyingi huenda kwenye ini na kulifanya lionekane gumu kuliko lilivyo. Ukifika umeshiba chapati na maharage, sema ukweli, upangiwe saa nyingine.

Majibu yanakuja na namba mbili, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Ya kwanza huitwa CAP na hupima mafuta. Huanzia 100 hadi 400. Ikipita 275 hivi, uwezekano wa kuwa na mafuta ni mkubwa. Ya pili hupima ugumu, na kipimo chake huandikwa kPa. Chini ya 8 ni habari njema kwa wengi, kati ya 8 na 12 kunahitaji uchunguzi zaidi, na juu ya 12 daktari hushuku makovu makubwa.

Fikiria majirani wawili. Mmoja ana CAP ya 330 na ugumu wa 5. Mwingine ana CAP ya 240 na ugumu wa 13. Wakikutana kibarazani na kulinganisha karatasi, wa kwanza atalia na wa pili atashukuru Mungu. Ilipaswa kuwa kinyume. Wa kwanza ana mafuta mengi kwenye ini ambalo bado ni laini, na ana nafasi kubwa ya kulirudisha. Wa pili anapaswa kuonwa na bingwa wiki hizi, hata kama mafuta yake ni machache, maana ini likishakuwa na makovu mengi mafuta yenyewe yanaweza kupungua.

Ugumu unaweza pia kupandishwa na vitu vingine: homa ya ini iliyopamba moto, moyo uliochoka, au pombe ya siku za karibuni. Ndiyo maana kipimo kimoja kilicho juu kidogo mara nyingi hurudiwa kabla mtu hajapewa jina la ugonjwa. Kwa mtu mnene kuna kichwa maalumu cha kifaa, muulize mpimaji kama anacho. Mtu aliyejaa maji tumboni hapimiki vizuri kwa mashine hii, na mjamzito huwa hapimwi kwayo.

CT-Scan na MRI

CT-Scan inaweza kuonyesha mafuta yakiwa mengi, lakini ina mionzi. Kama umepigwa kwa sababu nyingine na mafuta yakaonekana, sawa. Kuiomba kila mwaka kwa ajili ya kufuatilia mafuta, hapana.

MRI haina mionzi ya namna hiyo, na aina yake maalumu, inayoitwa PDFF, ndiyo inayopima mafuta kwa usahihi zaidi kuliko vyote nilivyotaja. Inatoa asilimia ya ini zima, kwa mfano 14, na ikirudiwa baadaye ikatoa 9, kweli yamepungua. Watafiti wanaojaribu dawa mpya huitumia hiyo. Kwako wewe na mimi, bei yake ni kubwa na MRI nyingi hazijawekewa programu ya kazi hiyo. Ukishauriwa kulipia MRI ya mafuta kabla hata hesabu ya FIB-4 haijafanywa, uliza kwa adabu jibu lake litabadilisha nini katika matibabu yako.

Kufuatilia ukiwa nyumbani

Uzi wa kushonea unatosha kuanzia. Mwambie mtu akupime urefu kwa uzi kuanzia kisigino hadi utosini, kata, kisha ukunje mara mbili. Uzi uliokunjwa uzungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno hakijazidi nusu ya urefu wako. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi. Uzi hauoni ini, lakini mafuta ya tumboni na ya kwenye ini huenda pamoja, na uzi huo unaweza kuurudia kila mwezi bila kulipa shilingi.

Mizani nayo ina maneno yake. Kupunguza asilimia 3 hadi 5 ya uzito hupunguza mafuta kwenye ini, na kupunguza asilimia 7 hadi 10 kunaweza kutuliza uvimbe wa ini pia. Makovu huhitaji zaidi, asilimia 10 na kuendelea. Mama wa kilo 80 hahitaji kuwa kilo 60 ili ini lake lipate nafuu: kilo 4 zina maana, na kilo 6 hadi 8 zina maana kubwa. Polepole, lakini. Kujinyima chakula ili upungue kilo nyingi kwa wiki chache kunaweza kulidhuru ini hilohilo.

Baada ya hapo, subira. Kama FIB-4 yako iko chini, kurudia hesabu hiyo kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kunatosha, na mwenye kisukari asogee upande wa mwaka mmoja au miwili. Kama umepimwa kwa mashine ya mtikiso, daktari atakupangia lini urudie. Rudia kwenye mashine ileile ukiweza, ukiwa umefunga kula vilevile. CAP ya 310 ikiwa 298 mwaka unaofuata si ushindi wala msiba, ni mashine na siku. Inayotafutwa ni mwelekeo wa miaka. Nunua daftari la kurasa chache, kila majibu yaandikwe na tarehe, uzito wa siku hiyo, na kiuno. Daktari mpya akikuona na daftari hilo utaokoa nusu ya vipimo ambavyo angeanza navyo upya.

Presha na sukari zipimwe pia, na hili nalisema kwa uzito. Watu wengi wenye mafuta kwenye ini hawafi kwa ini, wanakufa kwa moyo na mishipa ya damu.

Kuhusu dawa za kusafisha ini, zile za mizizi na za unga kwenye vikopo, msimamo wangu ni mmoja: usizitumie. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini, na ALT ikipanda tutashindwa kujua ni mafuta, ni virusi au ni kikopo. Kama umeshatumia, mwambie anayekupima, hatutakugombeza.

Mtoto mnene

Bibi atasema mtoto ana afya. Inawezekana, lakini mtoto mwenye unene uliopitiliza anaweza kuwa na mafuta kwenye ini na asilalamike chochote. Ngozi nyeusi iliyokunjamana shingoni na kwapani, ambayo haitoki kwa kusugua, ni ishara kwamba mwili wake unahangaika na sukari.

Kwa watoto kipimo cha kuanzia ni ALT, na ultrasaundi peke yake haitoshi kusema hana wala anayo. Mwongozo wa wataalamu wa Amerika Kaskazini wa mwaka 2017 unashauri watoto wanene wapimwe kuanzia miaka 9 hadi 11, na unatumia mipaka ya chini kuliko ile inayochapishwa na maabara nyingi: 22 kwa msichana na 26 kwa mvulana. Kwa hiyo binti mwenye ALT ya 50 ana zaidi ya mara mbili ya kiwango chake, hata kama karatasi ya maabara inaonyesha amezidi kidogo tu. Ikikaa hapo kwa zaidi ya miezi mitatu, au ikipita 80, aonwe na daktari wa watoto, na magonjwa mengine ya ini yatafutwe pia. Usimpe dawa ya kupunguza uzito wala kumfungia chakula. Ondoa soda na juisi za boksi nyumba nzima, si kwenye kikombe chake peke yake, na mwache acheze hadi jioni.

Usiposubiri kipimo chochote

Ukiwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, kuna ugonjwa mwingine wa mafuta kwenye ini ambao hutokea mara chache lakini huenda kwa kasi na ni wa kuokoa maisha ya mama na mtoto. Kutapika kunakoanza upya ukiwa na mimba kubwa, maumivu ya juu ya tumbo, macho kuwa ya njano, kiu isiyoisha, usingizi mzito au kuchanganyikiwa: nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na kwa yeyote, mwenye mimba au asiye nayo, macho ya njano, tumbo linalojaa maji, kutapika damu, choo cheusi kama lami au kuanza kuongea maneno yasiyoeleweka si mambo ya kusubiri tarehe ya kliniki. Chukua daftari lako na uende.